Chupa Tano za Eliamani

Zilitoka sita Ubelgiji, zikafika tano.
Ya sita ilipasukia uwanja wa ndege, ndani ya suti ya ibada,
na kaka yangu Eliamani akapanda Machame
akinuka kilabu kabla hajasalimia mtu.
Mama alisema tu: "Karibu. Vua hilo koti."

Desemba ishirini na saba. Magari ya Dar
bado yamebanana kwenye vichochoro vya migomba,
nyama ya sikukuu imekwisha, imebaki supu,
watoto wamelala popote usingizi ulipowakuta.
Eliamani akafuta meza, akapanga chupa
kama anayesimamia mtihani wa taifa.
Akaomba glasi za mguu. Hatuna.
Tuna vikombe vya bati, bilauri mbili za harusi ya mtu,
na kata ya Shangazi Ndeanka, nyeusi kwa miaka.

"Hizi hazigugumiwi," akasema. "Zinaonjwa.
Unanusa kwanza. Unauacha ulimi ufikiri."
Shangazi, mpika mbege tangu kaka hajaota meno,
aliyesomesha watatu kwa pipa moja la bluu,
akavuta kigoda.
"Haya, mwalimu. Mimina."

Ya kwanza, nyeupe kama maji ya mchele.
Akanusa. Akaonja. "Ganda la chungwa.
Na giligilani, ile mbegu, si majani."
Kaka akageuza chupa, akasoma maandishi madogo,
akanyamaza.

Ya pili ya watawa, rangi ya asali.
"Wanasali vizuri, ila sukari wameongeza mwishoni."

Ya tatu chungu. Akakunja uso, kisha akacheka:
"Kumbe nao wana msesewe wao!"

Ya nne ilitukwaruza mataya sote,
binamu Kundaeli akaitemea kwenye mibuni.
Shangazi akairudia mara mbili.
"Hii hawakuifunika. Ililala wazi,
upepo wa usiku ukaingia na vyake."
"Dirisha," kaka akasema polepole.
"Huwa wanaacha dirisha wazi."
"Si nimesema."

Ya tano, nyeusi, nzito, kizibo kimefungwa waya.
Kabla ya kuifungua akatueleza baridi ya kule:
saa kumi jioni giza, theluji mlangoni,
si hii yetu ya Kibo, ya kutazamwa kwa mbali
kama mali ya tajiri,
ile unaichota kwa koleo ndipo utoke nyumbani.
"Usiku kama huo ndio wa chupa hii," akasema.
"Moja tu, taratibu, mpaka usingizi."

Shangazi alikuwa nayo mdomoni. Akameza.
"Unaifungua na nani?"

Jogoo wa jirani akawika bila sababu.
Eliamani akakwangua lebo kwa ukucha.

Hakumuuliza tena. Alichukua chupa,
akaimimina yote ndani ya kata,
povu likampanda hadi kidole gumba.
Akanywa, akampa mama, mama akanipa,
nikampa Kundaeli, aliyeapa hanywi tena, akanywa,
na kaka akaipata mwisho, haina baridi tena,
ina joto la viganja vyetu na harufu ya mbege ya jana.
"Sasa onja," Shangazi akamwambia.

Alirudi na kilo mbili za kimea cha ulezi
na msesewe uliosagwa, umefungwa kwenye gazeti.

Februari akapiga simu, usiku. Amepika.
Ndizi za dukani, zenye stika. Imekuwa uji mchachu,
imefurika jikoni, imeteremka kwenye ngazi,
jirani wa chini amepanda kulalamikia harufu.
"Ukamfanya nini?"
"Nikampa kikombe."
"Akanywa?"
"Nusu. Kisha akaketi."

Shangazi akaikamata simu kwa mikono miwili,
akaongea kwa sauti, kana kwamba Ubelgiji ni ng'ambo ya Weruweru:
"Basi hiyo ni mbege, mwanangu.
Uji utaacha kuwa uji."