Isizidi Machozi

Mimi sikufundishwa.
Waliofundishwa ni wanawake, kumi kwa mkupuo,
uani kwetu, juu ya mkeka wa Shefali mke wangu.
Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi
nikijifanya nasokota kamba ya juti.

Mwalimu aliitwa Nirupoma. Alikuja kwa miguu,
matope ya Jamuna yamempanda hadi magotini,
na kikombe cha bati chenye mstari
aliouchora kwa msumari: maji yaishie hapa.
Chumvi, vidole vitatu, usivizamishe.
Sukari guru, ukufi mmoja.
Koroga. Onja kabla hujamnywesha mtoto.
Isizidi chumvi ya machozi.

Wanawake wakacheka. Nani hapa hayajui machozi?

Mama yangu hakucheka. Alisema toka mlangoni:
Anayehara hapewi maji. Yataingia, yatatoka.
Nirupoma akamgeukia kwa adabu:
Mtungi ukivuja, bibi, utaacha kuujaza?
Kisha akasema, ukiona damu chooni,
au mtoto akilegea hata kunywa hawezi,
usikoroge kitu tena. Tafuta mashua, nenda hospitali.

Angerudi baada ya mwezi kuwauliza mmoja mmoja,
na mshahara wake ulipimwa kwa kumbukumbu zao.
Basi Shefali aliimeza ile hesabu,
akaitamka akiosha mchele, akaitamka usingizini,
nami nikaishika kama mtu ashikavyo
habari za redio ya jirani.

Shefali alivuka mto kwenda kumzika mama yake.
Usiku wa pili Jhumur, miaka mitatu, akaanza.
Mara ya nne yalitoka maji matupu,
meupe kama ya kuoshea mchele.
Mara ya saba nikaacha kuhesabu.
Macho yamedidimia. Nilipomfinya ngozi ya tumbo
ilibaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa.
Alilia, na shavu lake likabaki kavu.

Mama akasema, usimpe maji.
Nina miaka thelathini na sita;
usiku ule ndio nilimkatalia kwa mara ya kwanza.

Lakini hii mikono yangu ni ya kushika plau.
Vidole vyangu vitatu vilibeba chumvi ya kupikia harusi.
Nikaonja, nikatema, nikamwaga nje.
Mara ya pili nikaogopa, nikaweka chembe;
nikaonja, sikujua naonja nini.
Hesabu ile ilikatwa kwa kipimo cha mkono wa mwanamke.

Nikasema: Mama, naomba mkono wako.

Alinyamaza kitambo. Taa ya kibatari ikapepesuka.
Kisha akasogea, akanawa kwa sabuni,
akadona chumvi kwa vidole vyake vyembamba,
akachota guru, akakoroga, akaonja.
Akapitisha kidole chini ya jicho lake,
akakilamba.
Akaonja kikombe tena.
Sawa, akasema. Mpe.

Kijiko. Kijiko. Akatapika.
Tukangoja muda wa kutafuna tambuu moja,
kisha kijiko tena, polepole zaidi.
Kikombe cha tatu, jogoo hajawika bado.
Cha tano, nikahisi joto mapajani:
amenikojolea shuka lote.
Sijapata kulowa vizuri namna ile.
Kulipokucha akataka wali na ndizi,
nikachelewa kuponda, akalia,
na chozi likashuka mpaka kidevuni.

Mwezi ulipotimia Nirupoma alirudi na daftari.
Shefali akajibu yote, hakukosa hata moja.
Mama, toka mlangoni, bila kuulizwa:
Waambie pia wanawe mikono kwanza.
Nirupoma akainua kichwa, akaandika.

Sisi wawili hatumo katika daftari lile.
Nyuma ya ukuta kamba yangu ilikuwa imekwisha,
ndefu, imara, ya kufungia fahali.
Nikasikia mwalimu akianza upya na kina mama wengine.
Nikaifumua.