Ndoo ya Orishaba

Kabale, saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeketi uwanjani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Wasichana wanagombania bomba, ndoo kwa ndoo, kiwiko kwa kiwiko.
Ndoo ya Orishaba, ya njano, yenye jina kwa rangi ya kucha,
iko chini ya kitanda, kavu,
siku ya tisa leo.

Mimi ni matroni tu. Kazi yangu funguo,
pedi, vidonge vya malaria, na kelele zizimwe saa nne.
Roho ya mtu sikuisomea.
Lakini miaka kumi na saba ya kuhesabu vichwa
imenifunza kwamba kichwa huweza kuhesabika na kisiwepo.

Nilidhani malaria. Kipimo kikasema hapana.
Nilidhani mimba, Mungu anisamehe, nayo hapana.
Mwalimu wa zamu alidhani uvivu, akampa nyasi za kufyeka.
Akafyeka zote, polepole,
hata pale ambapo hapakuwa na nyasi.

Kisha wilaya ikatuma fomu.
Maswali kumi na manane, visanduku vitatu kila swali:
kila mara, mara nyingine, hapana.
Je, unalala vizuri? Kila mara, akajibu
(hulala kengele ikilia; hulala macho wazi).
Je, unajisikia kulia? Hapana.
Je, una huzuni? Akaniangalia.
"Matroni, huzuni ya nani? Kwetu hajafa mtu."
Hapana. Kalamu haikutetemeka.
Jumla ikatoka ndogo. Kwa fomu, mtoto ni mzima.

Huku kwetu huzuni ina turubai, ina viti vya kukodi,
ina wanawake wa kupika na watu wa kuuliza ilikuwaje.
Hii yake haina hata jeneza.
Itamwendeaje jirani kuomba kiti?

Jana usiku nilizima taa, nikarudi gizani, viatu mkononi,
nikakaa ukingoni mwa kitanda chake.
Swali la kumi na tisa sikuuliza. Nilisema tu:
"Ile ndoo yako, nani alikununulia?"
Kimya. Mvua ikaanza kwenye mabati, ikaghairi.
"Kaka. Aliniambia nisimwazime mtu, wataitoboa."
Halafu: "Matroni, nachoka. Nachoka kabla sijaanza.
Kama napanda kilima cha Bunyonyi
na kilima nacho kinapanda."

Sikumwambia jikaze.
Niliwahi kumwambia mwingine, mwaka ule. Jina lake bado silitaji.

Leo nimepanga foleni na ndoo ya njano.
Wasichana wamecheka: matroni bombani!
Nimeyapasha maji jikoni, nikayaweka kando ya kitanda chake.
Barua ya kumpeleka hospitali ninayo mfukoni;
mwalimu mkuu hajaitia saini. Mitihani kwanza, anasema.

Saa moja nimepita tena.
Kitanda kitupu. Maji yamepoa, ndoo imejaa vilevile,
hayakuguswa.
Hapana, ngoja. Sakafuni, kuelekea mlangoni,
unyayo mmoja,
umelowa.