Utao Wangu

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa ushirika.
Pikapu imelitangaza hilo tangu Jumatatu,
imeshuka stendi, imepanda hospitali,
spika zake zinakohoa kwa ukungu:
*Karani wa Mizani* amerudi! Elfu tano, watoto buku!
Tiketi yangu niliiweka ndani ya Biblia,
nikaihamishia kwenye kopo la sukari.
Kwenye Biblia ningeisahau mpaka Jumapili.

Mwaka wa sabini na tano tulikuwa kumi na wanne
mstari wa nyuma, wake wa wakulima,
vitenge vya kuazima.
Karabai mbili. Moja ilizimika kila onyesho
wakati uleule, watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.
Anyosisye alikuwa karani,
mrefu, kalamu sikioni, kidole cha wizi.
Alipokibonyeza kile kidole
bibi mmoja wa Kyimo alimrushia hindi la kuchoma.
Alilila. Akaendelea kuimba.

Mjane alitangulia, peke yake, mbele:
    Mizani usiyumbishe,
na sisi kumi na wanne:
    mikono yangu yauma.
    Kidole usigusishe,
    kilo zangu zikahama.
Nane kwa nane. Ukwapi wake, utao wetu.
Mvua ya Tukuyu ilipopiga bati tulipandisha sauti,
na mvua, haina adabu, ikapandisha yake.

Sasa kuna Tusekile, binti wa miwani.
Nafasi ya mjane kampa kijana wa bodaboda.
Mizani kaitupa: kuna simu, kubwa kama mlango,
inakata makato, inasema asante.
Karani haonekani. Ni sauti tu.
Ngoma zinatoka kwenye kompyuta, mbiombio.
Lwitiko, mpiga gitaa wetu wa zamani,
alikwenda mazoezini akarudi kanuna.
"Wameichinja."
Ulikaa mpaka mwisho?
Akatazama viatu vyake.

Mimi nilikwenda na mkungu wa ndizi, kisingizio kizuri.
Kijana akaja mbele, helmeti kwapani:
    Mizani usiyumbishe,
akanyamaza.
Ngoma ikanyamaza. Simu ikawaka nyeupe.
Nilihesabu mpaka nane,
kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua.
Nikamfuata binti. Mwanangu, mmesahau utao.
"Hatujausahau, bibi. Tumeuacha wazi.
Nataka nisikie nani ukumbini anadai."

Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa vipande.
Wa mstari wa nyuma tumebaki watatu:
mimi, Subilaga asiyesikia sikio la kushoto,
na Tumpe aliyehamia Chunya kwa mwanawe, hapatikani.
Anyosisye yuko chini ya migomba yake, mwaka wa kumi na moja.
Nikichambua maharage naupima, mdomo umefungwa,
mi-ko-no-ya-ngu-ya,
pumzi inaishia hapo, kwenye ya sita.
Daktari alisema mapafu. Sikumwuliza zaidi.

Na nikiimba peke yangu?
Vijana watageuka na simu zao:
bibi kachanganyikiwa, safu ya tano.
Na nisipoimba, na mwingine asiimbe,
nane zile zitapita
kama kilo zilizohama, na hakuna atakayesaini.

Leo Ijumaa. Nimeanika sweta la bluu, halikauki.
Subilaga kaja, nimemkalisha upande wa sikio zima,
nikamwambia: ukiona kimya, nibane mkono.
"Kimya kipi? Kwangu mimi kimya ni kingi."
Tumecheka mpaka nikakohoa.
Rungwe umejifunika tangu asubuhi.
Kesho itanyesha, bati ni lilelile.
Kwenye kopo la sukari tiketi imeanza kunata.