Sijafika Sigma

Afisa udahili ana kalamu mbili,
moja ya kuandikia, moja ya kukatia.
Amenyanyua ile ya kukatia:
"Mama Nyanjura, chuo chenu kina ithibati?"

Nimevuka maji mara mbili kuja hapa,
Bwisya hadi Bugolora, Nansio hadi Mwanza,
nikapanda kilima cha Nyegezi na begi la madaftari.
Yananuka dagaa, najua.
Umefungua dirisha kwa adabu, nashukuru.

Chuo chetu kilikuwa stoo ya kanisa, kule Ukara.
Jina hakikuwa nalo. Tulisema tu, "twende kwa Musiba,"
na Musiba alikuwa mwinjilisti mwenye mguu mmoja mzima
na Kigiriki alichofundishwa na mtu
aliyefundishwa na mtu.

Unauliza muhula ulikuwa wiki ngapi.
Mwanangu, muhula wetu uliufuata mwezi.
Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa,
wavuvi wanalala kwao, karabai zinapumzika,
ndipo tunaazima moja, tunaipiga pampu, tunasoma.
Giza likirudi, taa inarudi ziwani,
nasi tunarudi kwenye mihogo na maneno ya kukariri.
Usiku nane kila mwezi, saa tatu kila usiku,
miaka tisa. Kikokotoo unacho.

Amepiga. Ametazama. Amepiga tena.

Ubao? Mchanga.
Alfajiri, kabla ya kuanika,
niliandika alfa, beta, gama kwa kijiti cha fagio,
kisha dagaa wakamwagwa juu ya somo.
Jioni nilipowazoa, herufi zilikuwepo bado,
hafifu, kama mtu anayenong'ona kanisani.

Mtihani?
Kuna wiki Musiba alilazwa Nansio
na mtoto wa Nyamisi akafa maji.
Nilisimama kaburini na daftari hili la kijani.
Sikusoma hata mstari.
Mama yake aliniuliza, "Yuko wapi?"
Weka alama unayoona inafaa hapo.
Mimi mpaka leo sijui nilipata ngapi.

Kamusi tulikuwa nayo moja, mchwa wameila kwa nyuma.
Iliishia pistis, yaani imani.
Baada ya imani, uzi wa jalada.
Yaliyobaki Musiba alitupa kutoka kichwani,
na siku nyingine kichwa kilikataa.

Wamemwita mhadhiri, kijana wa miwani,
shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata.
Akaandika neno ubaoni. "Soma, mama."
Nikasoma.
"Maana yake?"
"Sijafika sigma."

Hakucheka. Akafuta, akaandika lukhnos.
Taa, nikasema, hiyo naijua,
nikaigeuza mwisho wake mara tano, umoja na wingi,
ya taa, kwa taa, ewe taa,
mpaka afisa akaweka kalamu zote mbili mezani.

Majibu yametoka saa sita.
Kigiriki cha Awali: krediti tatu.
Huduma ya Kichungaji: sifuri,
hakuna ushahidi wa maandishi.

Sikubishana.
Nyamisi hajui kuandika.

Nimeomba kitu kimoja tu, kamusi nzima.
Ipo maktaba, ghorofa ya pili, haiazimwi.
Basi nimekaa. Meli ya Nansio ni saa nane.
Nimeruka moja kwa moja mpaka pi,
nikaweka kidole chini ya imani,
kidole kinachonuka nyumbani,
nikateremka.
Wapo jamaa zake wawili watatu,
mwaminifu, kuaminiwa,
kisha, mbele kidogo: planao,
kupotea njia.

Hilo Musiba hakutufundisha.
Nimelinakili.
Daftari la kijani bado lina kurasa.