Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Kijitabu cha kaunti kimemaliza mambo kwa mstari mmoja:
joto na unyevu, kiangazi kirefu, baridi ya kupita njia.
Aliyeandika hakulala huku kusini mwa Jojia mwezi wa Julai,
feni ikizungusha fukuto lile lile
kama mpishi anayekoroga uji usioiva.

Huku chumvi haitoki kwenye kichupa
bila punje za mchele kuibembeleza.
Biblia ya mama ina ukungu, toka Ayubu mpaka katikati ya Zaburi.
Kudzu imetambaa juu ya trekta la jirani,
mwaka wa pili huu, na sasa tunaliita kilima.

Saa moja kamili asubuhi natoka na ndara.
Kipimamvua kiko kwenye nguzo ya ua, mbali na mipekani.
Kazi hii ilikuwa ya Lucious, miaka thelathini na mmoja bila mshahara;
tangu Februari ni yangu.
Inchi moja na robo. Visubi vinanisomea sikioni.
Naandika kwa penseli, maana wino hulia kwenye daftari hili.
Mjini wanachukua tarakimu zangu, wanajumlisha, wanagawanya,
wananirudishia wastani.
Sijawahi kuloweshwa na wastani.

Kipimo nilichokiamini ni mlango wa jikoni.
Zamani Juni ulinung'unika tu, Julai ukabana,
Agosti ukashika mwimo kama mtoto asiyetaka shule.
Hapo Lucious aliingia na randa,
maranda yakaanguka sakafuni, mepesi, yamejikunja,
jikoni kukanuka msonobari.
Januari mlango ule ule ulipwaya,
upepo ukapita ubavuni kuitafuta miguu yangu.
Umekata mno, nilimwambia.
Naye, bila kuinua macho kwenye bakuli:
Nilikata ya Agosti. Januari haikuniuliza.
Tuligombana hivyo miaka yote. Hatukununua mlango mwingine.

Jana Dontrell, mtoto wa kaka yangu, alikuja na randa ya umeme.
Dakika mbili tu, shangazi.
Aliusukuma mlango kwa bega, ukafunguka kwa kilio,
na kwenye mwimo, penye bawaba, pasipotazamwa na mtu,
mwandiko wa Lucious. Tarehe tupu, moja chini ya nyingine,
siku mlango ulipogoma, mwaka baada ya mwaka.
Agosti 9. Agosti 2. Julai 27. Julai 11.
Ya mwisho, Juni 30.
Hakuniambia. Wala kwenye daftari hakuandika.

Nilimwambia Dontrell azime.
Nikachukua penseli ya mvua,
nikainama, goti likalia kuliko mlango,
nikaandika: Juni 18.
Kisha tukatokea mbele, tukazunguka nyumba nzima
kwenda kutazama nguo nilizoanika juzi,
ambazo bado.