Mpaka

Jengo la mahakama ya Texarkana limekaa kama mtu
aliyepanda mitumbwi miwili:
tako moja Texas, tako moja Arkansas.
Nimeendesha gari saa tatu kuja kumkalimania mama mmoja.
Nimeapa, mkono juu,
kutoongeza neno, kutopunguza neno.
Haya, basi, nayaandika nje ya kiapo.

Bibi Nabintu Cirhuza, mkata mapaja ya kuku zamu ya usiku,
alishuka ukingo wa magharibi
na mfuko wa unga kilo kumi kichwani.
Hakuvukia penye milia.
Bwana Pruitt alikuwa akipeleka magodoro kaskazini,
jicho moja barabarani, jicho moja kwenye simu.

Kiatu cha kushoto kiliokotwa Texas.
Cha kulia alibaki nacho mguuni, Arkansas.
Unga ulitanda kotekote,
na askari wa huku na askari wa kule
wakaupiga picha, kila mmoja hadi kwenye mstari wa njano,
akaishia hapo.

Raia wanane wakajifungia, wakala biskuti, wakarudi:
kosa ni nusu kwa nusu.
Hapo ndipo kesi ilipoanza.

Maana Texas husema: ukikosa nusu, utalipwa nusu.
Arkansas husema: kosa lako likilingana na la mwenzio,
nenda zako mikono mitupu.
Nilizitamka zote mbili kwa sauti ile ile.
Bibi akanitazama kana kwamba nimezitunga mimi.

Wahenga walituachia: nusu shari kuliko shari kamili.
Juu ya nusu haki
hawakutuachia kitu.

Wakili wa dereva akaanza kuhesabu kwa vidole:
gari limesajiliwa Arkansas, kampuni ya Arkansas,
lami ya Arkansas ndiyo iliyomvunja nyonga.
Wakili wetu naye vidole: nyumba Texas,
hospitali Texas, mshahara uliopotea, Texas.
Hakimu, mama mwembamba mwenye mafua,
akavua miwani.
“Mnahesabu,” alisema. “Mimi niliwaomba mpime.”

Kwetu mwenye duka hupima sukari, huhesabu mayai.
Mtu na mahali pake,
ni sukari au ni yai?
Swali hilo si la mkalimani. Nikatafsiri.

Ila neno lenyewe lilinisaliti.
Nilisema mpaka, nikikusudia ule mstari.
Yeye akasikia mpaka,
akauliza: mpaka lini?
Miaka miwili na miezi saba, magongo mawili,
na watu wenye tai wanabishana
alikanyaga wapi.

Baada ya chakula cha mchana hakimu akasoma.
Mahali pa ajali, alisema, hapa ni bahati tu,
hatua moja huku au kule.
Lakini kitanda alicholala miezi mitano
hakikuwa bahati, na kilikuwa Texas.
Sheria ya Texas itatawala.

Nusu, basi. Wakili akatabasamu, akampa mkono.
Bibi hakuupokea bado.
“Na ningekuwa naishi ng'ambo ya barabara,” aliuliza,
“nyonga ingevunjika kidogo?”
Wakili akanigusa kiwiko: acha hilo.
Kiapo kilisema nisipunguze.
Nikalisema, kwa Kiingereza safi, kwa hakimu.
Akapiga chafya. Akaandika kitu kifupi,
hakukisoma.

Karani akaniletea fomu ya malipo:
jina, maili, saa za kazi,
na chini kabisa, kisanduku: jimbo ulimofanyia kazi.
Nikaangalia kiti changu, katikati ya chumba.
Nikauliza mstari unapita wapi humu ndani.
Karani akacheka, akasema hata yeye hajui,
niandike lolote,
hundi zote hutoka ofisi moja.