Taarifa ya Katibu

Tulipanga saa kumi na moja alfajiri; imo kwenye daftari.
Tuliondoka Moshi saa moja na robo
kwa kuwa dereva, Bwana Senzighe, alikuwa anatafuta ufunguo
uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.

Wanawake ishirini na sita wa kikoba cha Rau,
kitenge kimoja, rangi ya komamanga,
miaka mitatu tukiweka elfu mbili kila Jumamosi
(simba mmoja mmoja, kama alivyo kwenye noti)
tukaione kreta ya Ngorongoro
wanayoijia wageni tunaowafulia mashuka.
Faru tulimjua kwa elfu tano.
Tembo, yule wa elfu kumi,
alikuwa akipita tu mkononi kuelekea ada ya shule.

Boma Ng'ombe tukashuka kujisaidia.
Choo mia mbili. Aikande akatoa mia tano.
Chenji sina, mama, akasema mwenye choo, subiri.
Naye Aikande si mtu wa kuacha mia tatu yake
kwenye choo cha watu.

Mimi nikahesabu vichwa. Ishirini na sita.
Nikagonga bodi: twende!
Haki ya Mungu walikuwa ishirini na sita.
Nilimhesabu utingo,
aliyejifunika kitenge cha mtu kwa baridi.
Nilimhesabu kijana nisiyemjua jina
nikamwacha niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili.

Tulipopita njia panda ya KIA nikapiga simu yake.
Mkoba ukaita kwenye kiti namba tisa.
Hakuna aliyesema neno. Mkoba ukaita mpaka ukachoka.

"Geuza," akasema Mwenyekiti.
Senzighe akatafuta pa kugeuzia mpaka Kikatiti,
na alipopapata, tairi likapasuka.
La akiba nalo lilikuwa na pancha, pancha ya mwaka jana.
Tukakaa kwenye kivuli cha Kosta;
kivuli kinahama, nasi tunahama nacho,
kama kuku.

Huko nyuma Aikande kapata mia tatu yake na kukosa gari.
Akakodi taksi ya kijana mmoja Pallangyo,
elfu arobaini, mlango umefungwa kwa kamba ya katani.
Petroli ikawaishia kabla ya King'ori.
Akasukuma, yeye na goti lake bovu.
Walipotupita alikuwa ameinama analikanda goti hilo.
Tuliipungia ile taksi, sote, kwa vilemba: tusaidie!
Pallangyo akatupigia honi ndefu ya furaha.
Aliona sare, akadhani ni harusi.

Sisi tukatuma bodaboda irudi Boma kumtafuta.
Yeye akakaa Arusha, Mnara wa Saa, anatungoja,
akiuliza kila Kosta kama ni ya Rau.

Saa tisa alasiri tukamkuta.
Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi magotini.
Lango la kreta tusingeliwahi hata tungeota mabawa.
Tukala kiburu kilichopoa, tumesimama kando ya barabara,
na wauza vinyago wakatupita bila kutukaribisha.

Aikande hakunitazama.
Alimwendea mweka hazina, akatoa leso kifuani,
akafungua fundo: mia, mia, mia.
"Andika," akasema. "Mapato."

Nimeandika.

Kurudi, gizani, baada ya Usa River,
sauti moja ikasema: moja.
Hakuna aliyeagiza.
Nyuma yake mbili, tatu, siti kwa siti,
wengine wakiwa nusu usingizini,
utingo akisita, akanyamaza kwa adabu,
mpaka ishirini na tano.

Kisha kimya.
Nikainuka kwa hofu, natafuta tochi,
nani tena, nani tumemwacha,
nikipapasa vilemba gizani kimoja kimoja.

Aikande akanivuta kwa kitenge, nikaketi.
"Bado wewe," akasema.